Tugeuke, Tuutazame na Mlima



Kila likizo inapokaribia, katika vikundi vyetu vya parokia swali huwa lile lile: mwaka huu twende wapi? Wengine hutaja ufuko wa Ziwa Kivu, wengine hutaja mlima Kahuzi, na wenzetu wa Goma huinua macho kuelekea Nyiragongo, mlima unaoyatia mawingu wekundu usiku. Michango hukusanywa, gari hutafutwa, na mama zetu hukaanga sambaza za kula njiani. Hapo ndipo husikika sauti mbili. Ya kwanza husema: "Nchi inalia, na ninyi mnafikiria matembezi?" Ya pili hujibu: "Mtuache tupumzike. Tunakwenda kuona ziwa na kupiga picha, basi." Sisi tunaona kwamba sauti zote mbili zimekosea. Matembezi katika nchi yetu ya milima na ziwa si anasa ya kuonewa haya, wala si mchezo mtupu. Ni shule, lakini ni shule kwa yule tu anayekubali kutazama pande zote mbili za barabara.

Tueleze kwanza barabara yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuipita. Kutoka Bukavu hadi Goma, kwa kufuata ukingo wa magharibi wa ziwa, ni yapata kilomita 200. Msafiri huziacha nyuma rasi za Bukavu zilizojinyosha majini, hupita Miti na Kavumu, na upande wake wa kushoto huuona mlima Kahuzi ukiwa umesimama juu ya msitu. Hupita Katana, kisha huingia Kalehe. Huko mlima na ziwa hukaribiana mno, hata mahali pengine hubaki nafasi ya barabara tu, safu moja ya nyumba na kipande cha shamba la maharagwe au mihogo. Upande wa kulia ni maji matupu, na ng'ambo yake kisiwa cha Idjwi, kirefu, chenye vilima vyake. Asubuhi wavuvi wa sambaza hurudi na mitumbwi yao, mitatu mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu. Baada ya Nyabibwe barabara hupanda na kushuka vilima hadi Minova. Karibu na Sake ardhi hubadilika: wekundu wa mashamba hukoma, huja weusi wa mawe ya volkano, na weusi huo humsindikiza msafiri hadi ndani ya Goma.

Wageni wengi wamevuka bahari ili wayaone hayo. Vijana wetu wengi, waliozaliwa mwendo wa saa mbili au tatu kutoka hapo, hawajayaona. Au waliipita barabara hiyo usiku, juu ya mizigo ya lori, wakiwa wamelala.

Mwishoni mwa mwaka 2023 kikundi chetu kimoja kilitoka Bukavu kwenda Minova. Gari lilipofika sehemu za Nyamukubi, vijana waliomba lisimame kidogo. Asubuhi ilikuwa safi, ziwa limetulia. Walishuka, wakasogea ukingoni, wote wakaligeukia ziwa, wakaanza kupiga picha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara akawaendea, nao wakadhani anataka kuwauzia. Akawasalimu, kisha akauliza:

"Wanangu, mnatazama nini huko?"

"Mama, tunatazama ziwa. Ni zuri sana."

"Ni zuri, kweli. Lakini ziwa halikutufanya neno. Kilichotushukia ni mlima. Geukeni basi, muutazame na mlima."

Wakageuka. Nyuma ya migongo yao kulikuwa na uwanda mpana wa mawe na matope makavu, mahali palipokuwa na nyumba na soko. Juu yake mteremko ulikuwa umechanwa toka juu hadi chini, na miti iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika. Hakuna aliyepiga picha tena. Mmoja wao alituambia baadaye: "Nilikuwa nimesimama juu ya watu, na sikujua."

Tuyakumbuke yaliyotokea. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe. Mito ilifurika, ikashuka na mawe, matope na magogo, ikavifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine miili yao ilikutwa ikielea ziwani, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mvua ilikuwa kubwa, hilo hatukatai. Lakini mvua huanguka juu ya kitu. Ile ilianguka juu ya miteremko mikali iliyokwisha kupoteza miti yake, na iliposhuka ilikuta nyumba na soko katika njia ya mito. Miti ilikwenda wapi? Mingi ilikuwa makala katika majiko ya mijini. Mingine ilikuwa mbao. Mingine iliondolewa ili yapatikane mashamba ya watu waliobanwa na ufinyu wa ardhi, wakiwemo waliokimbia vita mahali pengine. Hatusemi haya ili tuwalaumu waliokufa. Mtu hajengi katika njia ya mto kwa kupenda. Hujenga pale alipopata nafasi. Na sisi wa mjini, tunaopikia makala kila siku, tumo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo tunasema: anayelitazama ziwa na kuupa mlima kisogo ameona nusu ya nchi, na nusu hiyo yaweza kumdanganya.

Ziwa lenyewe ni mtoto wa milima. Zamani za kale maji ya bonde hili yalitiririka kwenda kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka zilifunga njia hiyo. Maji yakapanda, yakatafuta mlango upande wa kusini, nao ndio mto Ruzizi unaoteremka hadi Tanganyika. Leo uso wa ziwa uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufikia karibu mita 480. Huko chini zimeyeyuka gesi nyingi mno, ya kaboni na ya methani. Karibu na Goma na Sake gesi ya kaboni hutoka ardhini na kutulia katika mabonde na mashimo. Wenyeji huiita mazuku, nayo huua mtu au mbuzi aliyelala hapo bila kelele. Kijana aliyefundishwa hayo hatasema tu kwamba ziwa ni zuri. Atasema kwamba ni zuri, tena lina miiko yake.

Ni hivyo hivyo kwa vilele. Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470. Waliobahatika kuipanda huanzia Kibati, hutembea kwa muda wa saa nne hadi sita juu ya mawe yanayochubua viatu, hulala juu katika baridi kali, kisha husimama kwenye ukingo na kuona chini yao, ndani ya shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, moto wa ardhi ukichemka. Ni jambo la kumfanya mtu anyamaze. Lakini mlima huo ulipasuka Januari 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2002 mto wa moto ulipita katikati ya Goma hadi ziwani, ukaliharibu hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu mamia ya maelfu wakaukimbia mji. Juu ya mawe yale yale Goma ilijengwa upya, na kwa mawe yale yale kuta nyingi zilisimamishwa. Basi anayesimama kileleni na kuutazama moto peke yake hajamaliza kutazama. Ageuke, aone jinsi paa za mji zilivyo karibu. Hapo ataelewa kwa nini watu wa Goma hulala na sikio moja wazi, na kwa nini ukaidi wao wa kujenga upya ni imani pia.

Kahuzi, yenye urefu wa mita 3,308, hupandwa kwa njia nyingine: kwanza msitu mnene, kisha mianzi, na karibu na kilele vichaka vya mahali pa baridi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na sokwe wakubwa wanaoishi humo wameifanya ijulikane duniani. Lakini mlima huo pia una upande wake wa nyuma. Kabla ya hifadhi, Batwa waliishi katika msitu ule na kuufahamu mti kwa mti. Katika miaka ya 1970 waliondolewa humo bila kupewa ardhi ya kutosha ya kuishi. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliosema kwamba haki zao zilivunjwa. Tena, walinzi wengi wa hifadhi zetu wamepoteza maisha wakiilinda misitu hii, na wao pia ni wana wa nchi, wameacha wajane na yatima. Hatuwezi kuimaliza kesi hiyo katika ukurasa mmoja. Tunachosema ni hiki: kijana anayepanda Kahuzi bila kuijua habari ya Batwa amepanda mlima asioujua, hata kama amefika kileleni wa kwanza.

Sasa turudi kwa sauti ile ya kwanza, inayotuambia kwamba nchi inalia. Ni sauti ya haki, na hatuipuuzi. Vita vilifika Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Wako wenzetu waliozika ndugu zao, na wako waliolala kanisani wakiwa na godoro moja kwa familia nzima. Hatumwambii mtu achukue fedha ya dawa ya mgonjwa akanunue mafuta ya gari. Hatumwambii kijana yeyote apande Nyiragongo leo, wala apite barabara isiyo salama ili aonekane shujaa. Penye hatari, ubakieni nyumbani.

Lakini tuangalie kile ambacho vita vinatunyang'anya. Kwanza vinatwaa watu. Kisha, polepole, vinaitwaa nchi yenyewe kutoka machoni petu: mlima unakuwa mahali pa risasi tu, barabara inakuwa vizuizi vya kulipia, na ziwa linakuwa njia ya kukimbilia. Leo kijana wa miaka 15 hujua majina ya makundi yenye silaha kuliko majina ya mito inayopita nyuma ya shule yake. Ataipendaje nchi asiyoijua? Ataitunzaje? Mtu hupanda mti juu ya kilima anachokijua kwa jina. Mtalii akikosa mlima huu ataenda kuona mwingine; sisi hatuna mwingine.

Tena barabara nzuri si pambo. Tarehe 3 Oktoba 2024, wakati mapigano upande wa Sake yalipokuwa yameikata njia ya gari kati ya Minova na Goma, watu walijazana katika chombo kilichotoka Minova. Kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa nchi kavu. Walikufa makumi kwa makumi. Wengi wao wangekuwa garini siku hiyo, kama barabara ingekuwa wazi. Kwa hiyo tunapoiombea nchi amani, tuombe na jambo hili dogo: mama wa Minova apande gari asubuhi, auze, arudi jioni, na mtoto wake akae dirishani, alitazame ziwa bila hofu. Siku hiyo tutajua kwamba amani imefika.

Na ile sauti ya pili, inayotaka kupumzika na kupiga picha tu? Kupumzika si dhambi, na picha si dhambi. Kosa ni kuwapita watu wanaokaa ndani ya picha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganiki. Mama wa Nyamukubi alilisema jambo hilo hilo kwa maneno machache zaidi, akiwa na mahindi mkononi. Nao mitume watatu waliopandishwa mlimani na Bwana walitamani kubaki huko na kujenga vibanda. Lakini waliteremka, na chini walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa. Hakuna mlima katika Injili ambao mtu hupanda asishuke.

Kwa hiyo tunavishauri vikundi vyetu mambo machache.

Anzeni karibu. Kila parokia yetu ina kilima chake. Pandeni hicho kwanza, mkiwa na mzee anayejua jina la kila kijito. Mwulizeni maji ya mvua hupita wapi, miti ilikuwa wapi, na ni nyumba zipi zilizojengwa katika njia ya maji. Kilima cha mita 200 kilichotazamwa vizuri hufundisha kuliko kilele cha mita 3,000 kilichopigwa picha tu.

Mkienda mbali, nendeni na mwenyeji, na patana naye ujira kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Kijana anayewabebea mizigo mlimani ni rika lenu. Msimlipe kwa asante na chupa ya soda. Kando ya barabara nunueni mahindi, ndizi na sambaza kwa mama mnaowakuta, bila kuwabana bei hadi waone haya.

Simamisheni gari mara mbili: mara moja kwa ajili ya ziwa, na mara moja kwa ajili ya mlima na watu wake. Mkifika Bushushu na Nyamukubi, shukeni, nyamazeni, waombeeni marehemu, ndipo mwendelee.

Tunzeni uhai wenu. Ulizeni habari za njia katika parokia mtakazopita. Msisafiri usiku, msijaze gari kupita kiasi, msipande chombo kisicho na jaketi za kuokolea. Juu mlimani chukueni nguo za baridi, na karibu na Goma msimwache mtoto acheze au alale katika shimo ambalo wenyeji wanalikwepa.

Mwisho, rudini na kazi. Safari isiyozaa kazi husahaulika kabla matope hayajakauka kwenye viatu. Kazi hiyo yaweza kuwa kitalu cha miti inayoshika udongo, si mikaratusi ya kuuza peke yake. Yaweza kuwa kuzibua mifereji kabla ya mvua, kufundisha jirani kutumia mbabula zinazokula makala kidogo, au kwenda kwa chifu kwa heshima na kumwambia kwamba nyumba fulani ziko katika njia ya mto.

Kile kikundi kilichosimama Nyamukubi hakikurudi na picha nyingi. Kiliporudi kilikwenda nyuma ya kapela yao, penye korongo lililokuwa likipanuka kila msimu wa mvua, kikapanda miche. Mingi ilikauka, mingine ililiwa na mbuzi. Walipanda tena. Leo baadhi ya miti hiyo imewazidi urefu, na korongo halijasogea hatua nyingine kuelekea nyumba iliyo chini yake. Ni jambo dogo. Mwenye nyumba hiyo haoni kuwa ni dogo.

Basi, ndugu vijana, likizo ikikaribia tena nanyi mkiulizana mwaka huu twende wapi, jibuni bila haya, ikiwa njia ni salama: twende tukaione nchi yetu. Mkifika ukingoni mwa Kivu, litazameni ziwa kwa muda mrefu, mpaka macho yashibe. Zuri ni zuri, na limewekwa pale kwa ajili yenu pia. Kisha geukeni, muutazame na mlima.